Mwongozo kwa Mfanyakazi: Kunywa kwa Staha Pombe ya Wapishi Wadogo wa Dodoma na Uwanda wa Kati

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeishi kwa jasho lake na ambaye ameamua kunywa: mtumishi wa umma wa Mtumba, fundi ujenzi wa Nala, dereva wa bodaboda, mwalimu wa Mpwapwa, muuguzi wa Mvumi, mpakuaji wa magunia pale soko la nafaka la Kibaigwa. Asiyekunywa, kwa sababu ya dini, afya au hiari yake, asishawishike kuanza. Kifungu cha 8 kinaeleza namna ya kumkirimu.

Msimamo wa mwongozo ni mmoja. Pombe ya mtama na uwele inayopikwa majumbani na kunywewa vilabuni katika uwanda wa kati wa Tanzania ni kazi ya ufundi, na anayeipika ni mtengenezaji wa bia kamili. Kwa hiyo mnywaji ana wajibu wa pande mbili: kumheshimu mpishi kwa maneno na kwa malipo, na kumdai ubora uleule ambao angeudai kiwandani. Dharau huua ubora, maana hakuna anayejibidiisha kusafisha pipa kwa ajili ya mteja anayeamini kwamba pombe ya kilabuni lazima iwe chafu.

2. Nafasi ya mpishi mdogo

Mwaka 1971 Waingereza wanne walianzisha kampeni ya kutetea bia ya asili, baada ya kuona viwanda vikubwa vikimeza vidogo na ladha za mahali zikitoweka. Kampeni hiyo, CAMRA, ilikua ikawa chama kikubwa cha wanywaji. Marekani nako watengenezaji wadogo wana chama chao, na ili mtu ahesabiwe kuwa huru, kampuni ya vileo ambayo si ya mtengenezaji mdogo haitakiwi kumiliki robo au zaidi ya kiwanda chake. Wimbi hilo limefika Afrika Mashariki: Nairobi wamejitokeza Brew Bistro na 254 Brewing Company, Kampala wamejitokeza Banange Brewing. Huko mteja hulipa bei ya juu ili anywe bia iliyotengenezwa hatua chache kutoka alipoketi, na mtu anayeweza kumtaja kwa jina.

Uwanda wa kati haukuhitaji kuokoa bia ya namna hiyo, kwa kuwa haukuwahi kuipoteza. Kwa Wagogo, ujimbi, yaani pombe yao ya nafaka, ulikuwa malipo ya kazi ya ujima: mwenye shamba alipika, majirani wakaja kulima au kupura, kisha wakanywa pamoja. Ulitumika pia katika harusi na matambiko. Wapishi walikuwa, na mpaka leo kwa sehemu kubwa ni, wanawake. Kila mmoja ana nafaka anayoiamini, muda wake wa kuloweka na mkono wake. Ndiyo maana wanywaji wazoefu huuliza kwanza leo amepika nani, kabla ya kuuliza bei.

3. Nafaka na jinsi pombe inavyopikwa

Mnywaji anayejua kazi inavyofanyika hadanganyiki kirahisi. Soma kifungu hiki kwa makini.

3.1 Nafaka. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi hushindwa mara kwa mara, ila mtama na uwele huvumilia. Mtama mwekundu mara nyingi una tanini nyingi zinazoukausha mdomo, jambo linaloufanya usipendwe sana na kweleakwelea. Hutoa pombe yenye rangi ya udongo na ukali kidogo mwishoni. Mtama mweupe, kama mbegu ya Macia iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999, hutoa pombe laini na nyepesi. Uwele huongeza uzito na harufu ya karanga zilizokaangwa. Ulezi, pale unapopatikana, hutoa kimea kizuri sana. Viwanda vikubwa navyo vimetambua thamani hiyo: Uganda ilianza kutengeneza Eagle kwa mtama mwaka 2002, Kenya baadaye ikafuata na Senator, na Kampuni ya Bia Tanzania imekuwa ikinunua mtama wa wakulima wa Dodoma.

3.2 Kimea. Nafaka huoshwa, hulowekwa kwa takribani siku moja, kisha hufunikwa kwa gunia lenye unyevu mpaka ichipue, kwa kawaida siku mbili hadi nne. Baadaye huanikwa juani ikauke kabisa, ikasuguliwa kuondoa vijimizizi na kusagwa. Kuchipua ndiko kunakoamsha vimeng'enya vitakavyogeuza wanga kuwa sukari. Kuanika na kusugua vina faida nyingine: machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, na kiasi chake hupungua vijimizizi vikiondolewa na kimea kikapikwa vizuri.

3.3 Uji. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, kwa hiyo unga hupikwa kwanza ukawa uji mzito. Unapopoa na kufikia joto ambalo mkono unalivumilia, kimea hutiwa. Vimeng'enya hufanya kazi, uji mzito ukawa mwepesi na mtamu. Katika hatua hii ni togwa.

3.4 Kuchacha. Bakteria wa asidi, wa jamii ileile inayogandisha maziwa, huutia uchachu, na chachu iliyomo katika kimea hugeuza sukari kuwa pombe. Wapishi wengi huchemsha tena katikati ya kazi, wakapoza na kuongeza kimea kipya. Hatua zote pamoja, kuanzia kuloweka, huchukua wiki moja au zaidi. Kisha pombe huchujwa, na machicha huenda kwa kuku na nguruwe.

3.5 Matokeo. Pombe hii ni nzito, ina wanga uliobaki, haina gasi nyingi na bado inachacha ukiwa unainywa. Kilevi chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 5. Ya asubuhi ya kwanza ni tamu, ya jioni yake imesimama sawasawa, ya siku ya tatu ni kali na chachu. Usiinunue ukaiweka kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kabisa: gasi itajaa na chupa itapasuka.

3.6 Jamaa zake. Ukiwa safarini utakutana na nyingine za ukoo huu: wanzuki wa asali katika ukanda wa Manyoni, Singida na Tabora, kangara ya pumba na asali au sukari, komoni ya mahindi na ulezi kuelekea Iringa na Mbeya, mbege ya ndizi na ulezi Kilimanjaro. Mtu anayesafiri kikazi atapata elimu kubwa akizionja hizi kwa kiasi, akauliza na kulinganisha.

4. Usalama: mambo yasiyo na mjadala

4.1 Sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu: wagonjwa 68 waliandikishwa, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, kuchachusha hakutoshi kuiondoa, na mtu hawezi kuionja. Kwa hiyo desturi ya kusema kwamba nafaka iliyoharibika "itafaa kwa pombe" ni ya hatari na lazima ikome. Nafaka isiyofaa kwa ugali wa mtoto haifai kwa kimea.

4.2 Unga uliolowa. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulionyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi uliokuwa umelowa mafuriko. Aliyeipika pombe ile naye alikuwa miongoni mwa waliofariki. Hakuna aliyekusudia ubaya. Nafaka ndiyo iliyokuwa mbovu.

4.3 Gongo na vya kuongezea. Pombe ya kuchachusha na pombe ya kukenekwa ni vitu viwili tofauti. Gongo inayokenekwa bila leseni ni haramu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba haina methanoli, inayopofusha na kuua. Ukiona pombe ya nafaka inaongezewa gongo, spiriti au kitu chochote cha "kuitia nguvu", weka kopo chini na uondoke. Serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko, tarehe 1 Machi 2017 kwa sababu ya madhara ya kilevi kikali cha bei rahisi. Kumpa mtu gongo ndani ya kopo la ujimbi kunarudisha madhara yaleyale kwa njia ya siri.

4.4 Maji na vyombo. Uchachu wa pombe huzuia vijidudu vingi, ila hausafishi kopo lililooshwa kwa maji machafu. Kopo moja lisizunguke midomoni mwa watu kumi, hasa wakati wa kipindupindu au penye mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu. Nenda na kikombe chako. Hakuna mpishi mwema atakayeona umemdharau.

5. Namna ya kuchagua kilabu

Kabla ya kununua, fanya mambo yafuatayo kwa utulivu na heshima:

(a) Salimia. Kwa wazee wa Kigogo, "mbukwenyi" hufungua mlango kabla ya fedha.

(b) Uliza imepikwa lini na kwa nafaka gani. Mpishi anayejua kazi yake hujibu moja kwa moja, na mara nyingi kwa furaha.

(c) Omba kuona kimea au nafaka. Iwe kavu, isiyo na ukungu wa kijani au mweusi wala harufu ya uvundo.

(d) Tazama pipa. Pipa la plastiki liwe la chakula, lisiwe lililowahi kubeba kemikali, mafuta au dawa za mimea. Mapipa ya namna hiyo hayasafishiki.

(e) Tazama chujio, mfuniko, choo na mahali pa kunawia mikono.

(f) Tazama leseni. Biashara ya vileo husimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni hutolewa kupitia halmashauri. Kunywa mahali penye leseni kunakulinda wewe na kunamlinda mpishi. Heshimu saa zilizoandikwa, na usimshawishi auze nje ya saa hizo.

(g) Tazama wateja. Kilabu ambacho watu wanaongea, wanakula na kuondoka kwa miguu yao wenyewe ni kizuri. Kilabu chenye watoto wanaotumwa kuchota pombe au watu waliolala chini tangu saa nane mchana si mahali pako.

6. Namna ya kuonja

6.1 Tikisa au koroga kwanza. Unga hutuama chini, na bila kukoroga mteja wa kwanza atakunywa maji na wa mwisho atakula uji.

6.2 Nusa. Harufu inayotakiwa ni ya mkate mbichi, uji uliochacha na matunda kidogo. Harufu ya siki kali inaonyesha pombe imepitiliza. Harufu ya moshi inaonyesha uji uliungulia chini. Harufu ya dawa, rangi au plastiki ni amri ya kuacha.

6.3 Onja kidogo kabla ya kunywa. Tafuta mambo manne: utamu uliobaki, uchachu, ukavu wa tanini na uzito mdomoni. Pombe nzuri haina kimoja kinachozidi vingine kupita kiasi. Linganisha ya mpishi mmoja kwa siku mbili, au ya wapishi wawili kwa siku moja. Baada ya muda utaweza kusema kwa uhakika kwa nini unampenda fulani, nawe utamsaidia kwa kumwambia.

6.4 Kula. Uchachu wa pombe hukata mafuta, kwa hiyo nyama ya mbuzi ya kuchoma na kuku wa kienyeji wa Singida huendana nayo vizuri. Ugali wa uwele kwa mlenda wa karanga ni chakula kamili kabla ya kopo la kwanza. Usinywe ukiwa na njaa, hata kama pombe yenyewe inashibisha, kwa sababu shibe ya wanga hailingani na mlo.

6.5 Kwa sherehe ya ofisi yenye wanywaji wa aina mbalimbali, weka na divai mezani. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo lisilo la kawaida duniani, na watengenezaji wadogo wa divai wapo. Maswali ya kifungu cha 5 yanawahusu pia.

7. Kipimo na kazi

7.1 Hesabu. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Kopo la lita moja la pombe ya asilimia 3 lina gramu 24 hivi. Kopo moja la kilabuni basi ni zaidi ya chupa moja, ingawa haliumi kooni. Pombe ikiwa ya siku ya tatu, ihesabu kuwa ya asilimia 4 au 5.

7.2 Muda. Mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kahawa, maji baridi na supu haviharakishi kazi hiyo. Mtu aliyeanza saa 1 jioni na kunywa lita tatu za asilimia 4 ameingiza gramu 95 hivi. Atahitaji saa tisa na nusu hadi kumi na tatu na nusu. Huenda saa 2 asubuhi, anapowasha pikipiki au kupanda jukwaa la ujenzi, pombe ingali mwilini. Usingizi na kuoga havibadilishi hesabu hiyo.

7.3 Wasioruhusiwa na wenye masharti. Dereva, mwendesha bodaboda, mwendesha mitambo, fundi umeme na anayefanya kazi juu ya jengo wasinywe siku ya kazi mpaka kazi iishe, na jioni wanywe kwa kuihesabu kesho. Mjamzito asinywe. Anayetumia dawa za kifua kikuu, au metronidazole, amuulize kwanza mtaalamu wa afya. Mwenye umri chini ya miaka 18 asiuziwe wala asitumwe.

7.4 Ukweli wa afya. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilieleza kwamba hakuna kiwango cha kilevi ambacho ni salama kabisa kwa afya. Mwongozo huu haupingani na kauli hiyo. Asili ya kinywaji haipunguzi kilevi chake, na nafaka ya nyumbani hailindi ini. Kinachobaki mikononi mwa mnywaji ni kunywa kidogo, kwa nadra na kwa ubora. Ukiona huwezi kupitisha siku za kazi bila kunywa, au fedha ya ada na chakula imeanza kupungua, nenda kituo cha afya uombe msaada mapema.

8. Adabu na haki za mpishi

8.1 Lipa taslimu, siku hiyohiyo. Wapishi wengi husomesha watoto kwa mapipa hayo. Deni la wateja watano wenye mishahara linaweza kumnyima mtaji wa gunia linalofuata.

8.2 Usishushe bei ya kazi iliyochukua wiki nzima na mzigo wa kuni au mkaa.

8.3 Mwanamke anayeuza pombe anauza pombe. Maneno machafu na mikono isiyotulia ni udhalilishaji, mahali popote pale. Ukishuhudia, kemea.

8.4 Penye wageni wasiokunywa, agiza togwa au maji bila maswali. Mkoa una Waislamu na Wakristo wengi ambao kileo si sehemu ya maisha yao, na meza nzuri ni ile ambayo kila mmoja ameshika kikombe chake bila aibu.

9. Kwa mfanyakazi anayetaka kumsaidia mpishi akue

Wapo wenye ujuzi wa hesabu, wa maabara au wa ofisi ambao wangependa kuona wapishi hawa wakifika mbali. Msaada wenye faida ni huu:

(a) Daftari. Msaidie aandike tarehe ya kuloweka, nafaka ilikotoka, uzito, siku ya kuchuja na maoni ya wateja. Pombe nzuri iliyopatikana kwa bahati hairudiwi. Iliyoandikwa hurudiwa.

(b) Nafaka. Muunganishe na mkulima au chama cha ushirika kinachokausha juu ya turubai na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kituo cha utafiti cha TARI Hombolo, kinachoshughulikia mtama na uwele, kiko ndani ya Jiji la Dodoma lenyewe.

(c) Vifaa. Kipimajoto, sufuria lenye mfuniko, pipa la chakula na jiko banifu ni vitu vya kuanzia. Jiko banifu hupunguza kuni, na miti ya nyanda hizi kavu haioti upesi.

(d) Sheria na viwango. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina kazi ya kuwahudumia wazalishaji wadogo. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Anayetaka kufungasha na kuuza nje ya kilabu lazima afike TBS kwa ajili ya viwango na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa ajili ya ushuru wa bidhaa na stempu za kodi za kielektroniki. Mtayarishe kwa hatua hizo kabla hajanunua chupa.

(e) Soko. Chama cha wafanyakazi, saccos au kamati ya sherehe inaweza kuagiza mapema kutoka kwa mpishi mwenye leseni, kwa bei iliyoandikwa na malipo ya awali. Katika karatasi ya vinywaji andikeni jina lake, kijiji chake na nafaka aliyotumia, kwa ridhaa yake. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kulipa ghali kwa bia ya mtengenezaji mdogo apewe nafasi ya kujua kwamba Chamwino na Bahi nako wapo mabingwa.

10. Utekelezaji

Mwongozo huu unatekelezwa na mnywaji mmoja mmoja. Kwa wiki chache zijazo chagua mpishi mmoja, muulize maswali ya kifungu cha 5, lipa papo hapo, kunywa kwa hesabu ya kifungu cha 7, na mweleze kwa ukweli ulichoonja. Akijibu kwa uwazi na kurekebisha kasoro, mpelekee wateja. Akificha nafaka yake au akikataa kuonyesha pipa, usirudi, na waambie wenzako sababu. Wateja wakidai hivyo kwa pamoja, mpishi hodari atapata faida kuliko mzembe, na ufundi wa mtama na uwele utaendelea kuwa kazi ya heshima inayomlipa aliyeifanya.